Kisu Kabla ya Dawa: Mpangilio wa Tiba ya Saratani ya Kibofu cha Mkojo

Miongoni mwa maswali ambayo madaktari wa magonjwa ya njia ya mkojo huulizwa na ndugu wa wagonjwa, lipo moja lenye uzito wa pekee: ikiwa zipo dawa zinazoua seli za saratani, kwa nini mzee apelekwe kwanza katika chumba cha upasuaji? Swali hilo huambatana na hofu ya siku nyingi, kwamba saratani ikiguswa na kisu huchokozeka na kuenea mwilini. Kwa ajili ya hofu hiyo wapo wagonjwa wanaokataa kukatwa, wakarudi nyumbani kungojea dawa peke yake, na wakarejea hospitali wakati ambapo tiba nyepesi haifai tena.

Makala haya yanaeleza sababu za mpangilio huo wa tiba. Msomaji ataona kwamba katika saratani ya kibofu kisu cha kwanza hufanya kazi zaidi ya kuondoa uvimbe. Kisu hicho ndicho jicho la daktari, nacho ndicho kinachoamua ni dawa gani itolewe, kwa njia gani, na kwa matumaini gani. Ataona vilevile kwamba hofu ya watu juu ya kisu ina chembe ya ukweli ndani yake, na kwamba sayansi haikuipuuza chembe hiyo.

Kibofu na kuta zake

Kibofu cha mkojo ni mfuko wa msuli ulioko chini ya kitovu, ndani ya nyonga. Mkojo huteremka kutoka katika figo mbili kwa mirija miwili myembamba, hukusanyika kibofuni, kisha hutoka nje kwa mrija mmoja. Kibofu cha mtu mzima huweza kuchukua kiasi cha mililita 400 hadi 600.

Ukuta wa kibofu una tabaka nne. La kwanza, lililo ndani kabisa na kugusana na mkojo, ni utando wa seli zilizopangwa safu chache tu. Chini yake lipo tabaka la tishu unganishi lenye mishipa midogo ya damu na ya limfu. La tatu ni msuli mnene unaojikaza wakati wa kukojoa. La nne ni mafuta yanayokizunguka kibofu kwa nje.

Saratani nyingi za kibofu huanzia katika utando wa ndani. Kutoka hapo huweza kukua kuelekea uwazi wa kibofu kama kichaka kidogo, au huweza kuchimba kuelekea nje, tabaka baada ya tabaka. Madaktari hutumia herufi na tarakimu kueleza kina cha uchimbaji huo. Uvimbe uliobaki katika utando peke yake huitwa Ta. Ukiingia katika tishu unganishi huitwa T1. Ukifika katika msuli huitwa T2, ukitokeza katika mafuta T3, na ukivamia viungo vya jirani T4. Ipo pia saratani bapa, iitwayo Tis, ambayo haitokezi kama uvimbe bali hutandaa juu ya utando, nayo ina tabia ya ukali.

Mpaka ulio muhimu kuliko yote ni ule kati ya T1 na T2. Saratani ambayo haijagusa msuli huweza kutibiwa huku mgonjwa akibaki na kibofu chake. Saratani iliyoingia katika msuli imekaribia mishipa mikubwa zaidi ya damu na ya limfu, na huenda baadhi ya seli zake zimekwisha safiri kwenda mahali pengine. Ulaya na Marekani, karibu robo tatu ya wagonjwa hugunduliwa kabla ugonjwa haujaingia katika msuli. Katika nchi zenye kichocho kingi, wengi hufika hospitali wakati mpaka huo umekwisha vukwa.

Chanzo na dalili ya kwanza

Figo huchuja damu, na sumu nyingi zilizoingia mwilini huishia katika mkojo. Kwa kuwa mkojo hukaa kibofuni kwa saa kadhaa, utando wa kibofu hugusana na sumu hizo kwa muda mrefu. Mwaka 1895 daktari mpasuaji Mjerumani, Ludwig Rehn wa Frankfurt, alitoa taarifa ya saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa viwanda vya rangi zitokanazo na anilini. Hii ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza saratani kuhusishwa waziwazi na kazi ya mtu. Leo inajulikana kwamba moshi wa sigara ndio chanzo kikubwa kuliko vyote katika nchi nyingi, kwa kuwa baadhi ya kemikali zake hutolewa mwilini kwa njia ya mkojo.

Chanzo kingine, kilicho karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki, ni kichocho cha mkojo, ambacho kitaelezwa baadaye.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni damu katika mkojo, tena bila maumivu yoyote. Damu hiyo huweza kuonekana siku moja, ikatoweka kwa wiki au miezi, kisha ikarudi. Kutoweka kwake si kupona. Mtu mzima akiona damu katika mkojo wake hata mara moja, yampasa achunguzwe.

Jinsi uvimbe unavyokatwa bila kupasua tumbo

Kwa karne nyingi kibofu cha mtu aliye hai hakikuweza kuonekana kwa ndani. Mwaka 1877 daktari Mjerumani Maximilian Nitze alionyesha mjini Dresden chombo chembamba chenye lenzi na taa, ambacho kiliweza kupitishwa katika mrija wa kutolea mkojo hadi kibofuni. Taa yake ilikuwa waya wa platini uliopashwa moto kwa umeme na kupozwa kwa maji. Chombo cha namna hiyo, kwa Kiswahili, chaweza kuitwa darubini ya kibofu.

Kuona peke yake hakukutosha. Mwaka 1910 Edwin Beer wa New York alitoa taarifa ya namna ya kuchoma vivimbe vya kibofu kwa umeme kupitia darubini hiyo. Mwaka 1926 Maximilian Stern, naye wa Marekani, aliunda chombo chenye kitanzi cha waya kinachoweza kukata tishu. Kimeboreshwa mara nyingi tangu hapo, lakini msingi wake ni uleule.

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi au sindano ya ganzi ya mgongoni. Chombo hupitishwa katika njia ya mkojo, na kibofu hujazwa kimiminika safi ili kuta zake zitanuke na kuonekana vizuri. Mpasuaji husogeza kitanzi cha waya juu ya uvimbe na kuukata vipande vipande, kama fundi seremala anavyoondoa ubao kwa randa, akishuka kidogo kidogo hadi kwenye msuli ulio chini ya uvimbe. Vipande hukusanywa na kupelekwa maabara. Mishipa inayotoa damu huchomwa kwa umeme uleule. Hakuna jeraha linaloonekana juu ya ngozi.

Wanafunzi wa fizikia watauliza: umeme huo unakataje tishu bila kumdhuru mgonjwa? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, ni mkondo geu unaobadili mwelekeo mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa kasi hiyo neva na misuli haiwahi kuitikia kama inavyoitikia umeme wa nyumbani. Pili, katika namna ya zamani ya chombo hiki, mkondo huingia mwilini kupitia waya mwembamba na kutoka kupitia bamba pana lililobandikwa pajani. Mkondo ni uleule, lakini kwenye waya umebanwa katika eneo dogo sana na joto huwa kali, ilhali kwenye bamba umetawanyika na joto halihisiki.

Kazi tatu za kisu cha kwanza

Kazi ya kwanza ni kutambua. Si kila uvimbe wa kibofu ni saratani, wala si kila saratani ya kibofu ni ya aina moja. Mtaalamu wa maabara hutazama vipande kwa hadubini na kueleza aina ya seli na ukali wake. Dawa inayofaa aina moja huweza kutofaa aina nyingine. Kumpa mgonjwa dawa kali kabla ya kujua aina ya ugonjwa wake ni sawa na kutupa mkuki gizani.

Kazi ya pili ni kupima kina. Kwa sababu hii mpasuaji hukata hadi kwenye msuli, na mtaalamu wa maabara huandika katika taarifa yake iwapo msuli umeonekana katika vipande. Ikiwa hakuna msuli, haiwezekani kusema kwa hakika kwamba saratani haikuufikia. Kutosema kwamba ugonjwa umefika katika msuli si sawa na kusema kwamba haukufika. Hivyo, msuli ukikosekana, au ikiwa uvimbe ni wa T1, au haukumalizika kukatwa, mgonjwa huitwa tena baada ya wiki 2 hadi 6 ili akatwe mara ya pili mahali palepale. Mara nyingi mabaki hupatikana, na pengine kina hugunduliwa kuwa kikubwa kuliko kilivyodhaniwa.

Kazi ya tatu ni kupunguza idadi ya seli za saratani. Hapo ndipo hesabu inapoingia.

Hesabu ya seli

Mwaka 1964 Howard Skipper na wenzake, huko Birmingham, Alabama, walichapisha matokeo ya majaribio juu ya panya wenye saratani ya damu. Waligundua kwamba kipimo fulani cha dawa hakiui idadi fulani ya seli, bali huua sehemu fulani ya seli zilizopo. Dawa inayoua asilimia 99 itaua seli 990 kati ya 1,000, na itaua seli 990,000 kati ya 1,000,000, ikaacha 10,000. Kanuni hiyo hurahisisha mambo kuliko yalivyo katika uvimbe halisi, lakini humsaidia mwanafunzi kuona jambo la msingi.

Uchukuliwe mfano wa uvimbe wa mviringo wenye kipenyo cha sentimita 3. Nusu kipenyo chake ni sentimita 1.5, na ujazo wake ni takriban sentimita za ujazo 14. Ikikadiriwa kwamba kila sentimita ya ujazo ina seli 1,000,000,000, uvimbe wote una seli 14,000,000,000. Ichukuliwe pia, kwa ajili ya zoezi hili, kwamba kila mzunguko wa dawa huua asilimia 99 ya seli. Idadi itakayobaki ni hii:

Baada ya mzunguko wa 1: 140,000,000.
Baada ya mzunguko wa 2: 1,400,000.
Baada ya mzunguko wa 3: 14,000.
Baada ya mzunguko wa 4: 140.
Baada ya mzunguko wa 5: 1 au 2.

Sasa ichukuliwe kwamba mpasuaji ameondoa kwanza seli 9,999 kati ya kila 10,000. Dawa huanza kazi kwenye seli 1,400,000, na baada ya mizunguko 3 hubaki seli 1 au 2. Mizunguko 2 imeokolewa, pamoja na madhara yake kwa mgonjwa.

Ipo faida nyingine kubwa zaidi. Seli zinapogawanyika, mara kwa mara hutokea seli yenye badiliko linaloifanya ihimili dawa. Ikiwa seli moja kati ya kila 1,000,000 ni ya namna hiyo, uvimbe usiokatwa una seli 14,000 zisizoogopa dawa, na uvimbe uliokatwa una 1 au 2 tu. Dawa haina uwezo juu ya seli hizo sugu, lakini kisu hakibagui kati ya sugu na dhaifu.

Hata hivyo, hesabu hiyohiyo huonyesha mpaka wa uwezo wa kisu. Kitanzi cha waya hakifikii seli iliyokwisha hamia katika tezi za limfu au mapafu. Hizo zaweza kufikiwa na dawa inayopita katika damu peke yake. Basi kisu na dawa ni kama jembe na palizi: kila kimoja kina msimu wake.

Je, kisu hueneza saratani?

Ni wakati wa kurudi kwenye hofu ya ndugu wa mgonjwa. Kwa uzoefu wa zaidi ya miaka mia moja, kuukata uvimbe wa kibofu kwa njia hii hakujathibitika kuufanya ugonjwa uwe mkali au ukimbilie mwilini. Wengi wanaodhaniwa kuharibiwa na kisu ni wale waliofika wakati ugonjwa umekwisha enea bila kuonekana.

Lakini lipo jambo la kweli. Uvimbe unapokatwa, baadhi ya seli zake hung'oka na kuelea katika kimiminika kilichojazwa kibofuni. Ukuta uliochunwa na kuchomwa huwa kama shamba lililotifuliwa, na seli inayoelea huweza kunata hapo na kuota. Inaaminika kwamba hii ni sababu mojawapo ya saratani ya kibofu kurudi mara kwa mara, hata pale ambapo kina chake ni kidogo.

Sayansi ilijibu hofu hiyo kwa dawa, wala haikuiacha kazi ya kisu. Katika muda wa saa 24 baada ya upasuaji, kwa mgonjwa mwenye uvimbe unaoonekana kuwa wa juujuu, dawa ya kuua seli, kama vile mitomisini, huingizwa kibofuni kupitia mpira wa mkojo, hukaa humo kwa saa 1 au 2, kisha hutolewa. Uchambuzi wa majaribio 7 yenye jumla ya wagonjwa 1,476, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba ugonjwa ulirudi kwa asilimia 48 ya waliokatwa tu, na kwa asilimia 37 ya waliokatwa kisha wakawekewa dawa mara moja. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, lililotumia dawa iitwayo jemsitabini, lilipata asilimia 47 dhidi ya 35 katika muda wa miaka 4.

Dawa hiyo haiwekwi ikiwa mpasuaji anashuku kwamba ukuta wa kibofu umetoboka, kwa sababu ingevuja na kuunguza viungo vya ndani. Mwanafunzi atambue pia kwamba dawa iliyowekwa kibofuni hupenya safu chache tu za seli. Ingewekwa juu ya uvimbe mnene usiokatwa, ingelowesha ngozi yake na kuliacha shina. Hii ni sababu nyingine ya kisu kutangulia.

Dawa baada ya kisu: njia mbili

Taarifa ya maabara ikirudi, njia hugawanyika.

Njia ya kwanza ni ya wagonjwa ambao saratani yao haijafika katika msuli. Wenye hatari ndogo huweza kutosheka na kukatwa pamoja na dawa ile ya mara moja, kisha hufuatiliwa kwa darubini kwa vipindi. Wenye hatari zaidi huwekewa dawa kibofuni kila wiki kwa majuma kadhaa. Ajabu ni kwamba dawa yenye nguvu kuliko zote katika kundi hili si sumu ya seli, bali ni BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu iliyoacha kovu katika mikono ya wanafunzi wengi. Mwaka 1976 Alvaro Morales na wenzake huko Kingston, Kanada, walitoa taarifa kwamba BCG ikiwekwa kibofuni huzuia saratani kurudi. Bakteria hao waliodhoofishwa huamsha askari wa kinga katika ukuta wa kibofu. Kawaida huwekwa mara moja kwa wiki kwa wiki 6, baada ya jeraha la upasuaji kupona. Nayo pia hufanya kazi vizuri pale ambapo uvimbe unaoonekana umekwisha ondolewa.

Njia ya pili ni ya wagonjwa ambao saratani imeingia katika msuli. Hapa kukata kwa kitanzi, kwa kawaida, hakuwezi kumaliza kazi, kwa sababu mizizi imeshuka mahali ambapo waya ukiifuata utatoboa kibofu. Dawa hupewa njia ya damu, na iliyo kuu kati ya dawa hizo ni sisplatini. Historia yake inafaa kusimuliwa darasani. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, akipitisha umeme katika chombo chenye bakteria, aliona bakteria wakirefuka bila kugawanyika. Sababu haikuwa umeme, bali misombo ya platini iliyoyeyuka kutoka katika vipande vya metali vilivyopitisha mkondo. Kitu kinachozuia bakteria kugawanyika kingeweza pia kuzuia seli za saratani. Mwaka 1978 sisplatini iliruhusiwa kutumika Marekani.

Katika njia hii ya pili mpangilio huwa: kisu kidogo, dawa, kisha kisu kikubwa. Kisu kidogo hutambua na kupunguza. Dawa hushambulia seli zilizotoroka, mapema zingali chache. Kisu kikubwa huondoa kibofu chote na tezi za limfu za jirani. Jaribio la Marekani lililoandikisha wagonjwa 317 kati ya 1987 na 1998, na kuchapishwa mwaka 2003, lililinganisha kuondoa kibofu peke yake na kutoa kwanza mizunguko 3 ya dawa nne, mojawapo ikiwa sisplatini. Nusu ya wagonjwa walioondolewa kibofu bila dawa waliishi zaidi ya miezi 46. Nusu ya waliopewa dawa kwanza waliishi zaidi ya miezi 77.

Katika jaribio hilohilo ipo tarakimu nyingine inayostahili kuzingatiwa. Vibofu vilipoondolewa na kuchunguzwa, asilimia 38 ya vile vya waliopewa dawa havikuwa tena na saratani. Lakini hata kwa wale ambao hawakupewa dawa yoyote, asilimia 15 ya vibofu vilikutwa bila saratani. Ni nini kilichoiondoa? Kisu kidogo cha kwanza. Tarakimu hiyo yafunza mambo mawili: kwamba kisu cha kwanza kina nguvu kuliko inavyodhaniwa, na kwamba kwa wagonjwa wengi nguvu hiyo peke yake haitoshi.

Kwa mgonjwa anayetaka kubaki na kibofu chake, au asiyeweza kuhimili upasuaji mkubwa, ipo tiba ya mionzi pamoja na dawa. Katika jaribio la Uingereza la wagonjwa 360, lililochapishwa mwaka 2012, asilimia 67 ya waliopewa mionzi na dawa hawakuwa wamerudiwa na ugonjwa kibofuni au karibu yake baada ya miaka 2, dhidi ya asilimia 54 ya waliopewa mionzi peke yake. Katika tiba hii pia, mpasuaji hutakiwa kuondoa kwanza uvimbe wote unaoonekana, ikiwezekana, kwa sababu wagonjwa wa namna hiyo huitikia vizuri zaidi. Katika miaka ya karibuni dawa za kuamsha kinga zimeanza kuongezwa kwenye sisplatini, na jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2024 lilionyesha manufaa yake. Mpangilio, hata hivyo, haukubadilika: kisu kidogo bado hutangulia.

Sharti moja lisisahauliwe. Sisplatini huweza kudhuru figo, kwa hiyo hutolewa kwa mgonjwa mwenye figo zinazofanya kazi vizuri. Uvimbe ulioota kwenye mlango wa mrija unaotoka katika figo huweza kuuziba, figo ikajaa mkojo na kudhoofika. Mgonjwa wa namna hiyo hufunguliwa kwanza njia ya mkojo ili apate haki ya kupewa dawa. Kuchelewa huweza kumfungia mlango huo.

Kichocho na saratani ya kibofu

Mwaka 1851 Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, aligundua mnyoo wa kichocho, ambao leo huitwa Schistosoma haematobium. Viluwiluwi vyake hutoka katika konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya mtu aliye majini, na minyoo iliyokomaa hutaga mayai katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai mengi hukwama katika ukuta wa kibofu, na mwili huyazingira kwa uvimbe na makovu kwa miaka mingi. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliuorodhesha mnyoo huu miongoni mwa visababishi thabiti vya saratani kwa binadamu.

Saratani itokanayo na kichocho mara nyingi ni ya seli bapa, tofauti na ile ya kawaida ya utando wa kibofu. Seli hizo haziitikii vizuri dawa zilizotajwa, kwa hiyo kisu kikubwa hubeba sehemu kubwa zaidi ya tiba. Hapa umuhimu wa kipande cha kwanza huonekana waziwazi: bila hicho, mgonjwa wa seli bapa angeweza kupoteza miezi akipewa dawa isiyomfaa.

Kichocho cha mkojo kinajulikana sana katika Unguja na Pemba, katika ukanda wa pwani, na katika madimbwi na mashamba ya mpunga ya bara, kusini mwa Ziwa Viktoria. Katika baadhi ya sehemu zenye kichocho, damu katika mkojo wa mvulana iliwahi kuchukuliwa kuwa dalili ya kawaida ya kukua. Mazoea hayo ni ya hatari mara mbili. Mtoto huachwa na minyoo inayoweza kuuawa kwa vidonge vya prazikwanteli, na akiwa mzee, damu ya saratani hudhaniwa kuwa ni kichocho kilekile cha utotoni. Mwalimu anayeondoa dhana hiyo darasani anafanya kazi ya uganga ambayo hakuna chombo cha hospitali kinachoweza kuifanya.

Hitimisho

Kwa muhtasari, uvimbe wa kibofu hukatwa kabla ya dawa kwa sababu kipande kilichokatwa hueleza aina na kina cha ugonjwa, kwa sababu seli chache ni rahisi kuuawa kuliko seli nyingi, na kwa sababu dawa ya kibofuni haifiki kwenye shina la uvimbe mnene. Seli zinazoelea baada ya kukatwa zina dawa yake, nayo hutolewa mapema. Na pale ambapo ugonjwa umezama, kisu kidogo ni mwanzo wa safari tu, dawa na kisu kikubwa au mionzi vikifuata. Ndugu wa mgonjwa wakiyafahamu haya, watamsindikiza mzee wao katika chumba cha upasuaji wakiwa na hofu ndogo zaidi, na pengine mapema zaidi.

Maswali ya zoezi

1. Uvimbe wa mviringo una kipenyo cha sentimita 2. Kadiria idadi ya seli zake kwa kutumia makisio yaliyotolewa. Ikiwa kila mzunguko wa dawa huua asilimia 90 ya seli, ni mizunguko mingapi itahitajika hadi ibaki chini ya seli moja?

2. Taarifa ya maabara inasema: "Saratani imeonekana katika tishu unganishi, msuli haukuonekana katika vipande." Kwa nini daktari hawezi kutosheka na taarifa hiyo?

3. Seli za uvimbe zikielea katika maji safi yasiyo na chumvi, huvimba na kupasuka. Eleza sababu kwa kutumia kanuni ya osmosisi.

4. Eleza kwa nini joto ni kali kwenye kitanzi cha waya na si kwenye bamba la pajani, ilhali mkondo ni mmoja.

5. Jadilini darasani: mtu mzima wa kijiji chenye kichocho ameona damu katika mkojo mara moja, kisha ikakoma. Ashauriwe nini, na kwa hoja zipi?

Mwongozo kwa mwalimu: katika swali la 1, ujazo ni takriban sentimita za ujazo 4.2, sawa na seli 4,200,000,000, na mizunguko inayohitajika ni 10. Mwanafunzi aulizwe kisha ni mizunguko mingapi ingebaki kama mpasuaji angetangulia kuondoa seli 999 kati ya kila 1,000. Jibu ni 7.